Mnara wa saa Arusha hadi mnara wa saa Moshi kwa kupokezana: kinachovunja timu siyo miguu

Mzee wa Kitambaa

Habari za muda huu wakuu.

Tangu tumalize mwezi uliopita watu wananifuata pembeni na swali lile lile: mliwezaje? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka yote hapa.

Kwa wasiotujua, sisi ni kikundi cha mazoezi tu cha hapa Arusha. Hatuna mdhamini, hatuna medali. Mara nne sasa tumekimbia kutoka mnara wa saa wa Arusha hadi mnara wa saa wa Moshi, kilomita 80 hivi, watu kumi, kila mtu na kipande chake. Mmoja yuko barabarani, wengine wako kwenye magari mawili. Mara ya kwanza tulirudi Arusha hatusemeshani. Mara ya nne tulirudi tunaimba. Miguu ilikuwa ile ile, wengine hata wamenenepa.

Naanza na kosa lililotuumiza. Boma Ng'ombe, mwaka wa kwanza. Kijana wetu mwenye mbio kuliko wote amekuja amejikamua kipande chote, jasho linamchuruzika hadi kwenye viwiko, kijiti mkononi. Anafika kituoni, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, hakuna mtu. Wa kupokea yuko mgahawani ameagiza chai. "Nilijua bado una dakika kumi." Akatoka mbio na chapati mdomoni, kamba za viatu zinaburuzika, akainama kufunga pale pale mbele ya mwenzake. Dakika nne na ushee zikaenda. Yule aliyeleta kijiti akakaa chini kando ya lami, na hakuongea neno hadi Moshi.

Septemba 2025 kule Tokyo, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa sekunde 0.03 mbele ya Mjerumani. Kilomita 42 zimekimbiwa, tofauti haifiki hata kupepesa jicho. Sisi dakika nne zimekwenda na chapati.

Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza inamhusu anayesubiri. Dakika 15 kabla ya muda uliokadiriwa awe amesimama kituoni, koti limevuliwa, kamba zimefungwa fundo mbili, ameshachimba dawa. Gari likimpita mkimbiaji akiwa amebakiza kilomita mbili, mtu wa kwenye gari anapiga simu kituoni. Mkimbiaji akionekana, wa kupokea anaita kwa jina. Usipige kelele ya "hapa hapa", usiku kila mtu ni "hapa hapa". Na aliyeleta apokewe na mtu mmoja mwenye maji na fulana kavu, asiulizwe habari ya muda hadi pumzi irudi.

Kijiti chenyewe tulikiacha. Cha mti kinateleza kwa jasho, na mwaka wa pili kilidondoka mtaroni saa tisa usiku tukakitafuta kwa tochi kama watu waliopoteza funguo. Sasa tunatumia kitambaa, kipande cha shuka jekundu la Kimaasai kilichoshonwa duara, unakivaa begani kikapita kifuani. Wazo siyo letu. Wajapani wana mbio zao za ekiden, za kwanza zilikimbiwa 1917 kutoka Kyoto hadi Tokyo, karibu kilomita 500, na hadi leo wanapokezana mkanda wa namna hiyo. Zile za vyuo vikuu, Hakone, hukimbiwa kila tarehe 2 na 3 Januari, watu kumi kwa timu, kilomita 217 hivi. Timu ikichelewa kupita muda uliowekwa, anayefuata anaachiliwa aondoke bila mkanda wa timu yake, na mwenzake anafika akiwa nao, hana wa kumpa. Vijana wanalia pale kama msibani. Ukiona hivyo unaelewa kwamba kinachobebwa siyo kitambaa.

Nitaendelea. Ulizeni.

Chalii wa Ngarenaro

Aisee kwa hiyo nyie ni Mbio za Mwenge bila mwenge 😂

Mzee wa Kitambaa

Mwenge una ving'ora mbele na viongozi wamejipanga kuupokea. Sisi tuna Noah yenye taa moja ya hazadi.

Mama Junior

Kaka, mnapangaje nani akimbie wapi? Kikundi chetu tunataka kujaribu, tayari watu wamegombana, kila mtu anataka kumalizia Moshi apigwe picha.

Mzee wa Kitambaa

Dada, hapo ndipo penye kazi ya nahodha.

Kwanza ijue njia. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) uko mita 894. Maana yake nusu ya kwanza yote mnashuka. Watu wanafurahi, wanaona kama wamepewa miguu mipya, kumbe mteremko unakula mapaja. Kwenye kushuka msuli wa paja unafanya kazi ya breki huku ukivutwa, na maumivu yake hayaji siku hiyo, yanakuja kesho na keshokutwa unapotaka kukaa chooni.

Kwa sababu hiyo kipande cha kwanza, mjini hadi Tengeru, usimpe mwenye mbio. Barabara ni njia nne, inashuka, watu wanashangilia, atachomoka kama mwizi. Mpe mtu mtulivu, hasa mama aliyezoea kupanga bajeti. Kuanzia Usa River unapita Maji ya Chai na Kikatiti, hapo vijiji vinafuatana, yeyote anaweza. Kabla ya kufika kona ya KIA pako wazi, upepo na giza, unakimbia unaona duara la tochi yako tu. Hapo weka mtu asiyeogopa kuwa peke yake kichwani. Mteremko na mpando wa mto Kikafu unataka mtu wa milima, na daraja lenyewe ni jembamba, hivyo msipange kituo karibu nalo, na panga muda mpite kumekucha.

Wa mwisho mpe Mchaga. Akijua shangazi zake wamesimama Moshi wanamtazama atakimbia hata akiwa na malaria.

Kuhusu muda: kila mtu atakudanganya. Mwanaume akikwambia anakimbia dakika 5 kwa kilomita, andika 5 na nusu. Siyo utani. Sisi tulikadiria dakika 6 kwa wastani, yaani saa 8 kwa kilomita 80. Ukweli ukawa 6 na nusu. Ile nusu dakika ni dakika 40 nzima mwisho wa safari. Na kuna mwaka tulianza saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo watu wa mwisho walikula jua la saa saba la Moshi. Sasa tunaanza saa saba usiku, kabla ya saa nne asubuhi tunakunywa mtori.

Mangi wa Machame

Mtori BAADA. Rudia neno hilo mzee. Kuna mtu wetu alikunywa bakuli zima saa moja kabla ya zamu yake. Sitaki kueleza zaidi.

Suka wa Noah

Naomba na mimi niseme, kwa sababu kila mwaka mnawasifu wakimbiaji na mimi natajwa mwisho kama tairi la akiba.

Mimi ndiye dereva. Sikimbii. Na hilo ndilo la kwanza: dereva asikimbie kipande, hata kifupi, na alale mchana uliotangulia. Mtu aliyetoka kukimbia kilomita 8 usiku ukimpa usukani wa watu wanne waliolala, unatafuta msiba.

La pili. Gari lisimfuate mkimbiaji nyuma nyuma kwa mwendo wa konokono. Malori ya nyuma yako hayajui una mtu mbele, yanachomoka kukupita na yanakutana uso kwa uso na basi. Halafu ukimmulika kwa nyuma, kivuli chake mwenyewe kinamfunika shimo lililo mbele yake. Tangulia kilomita mbili au tatu, toka kabisa nje ya lami, zima taa kubwa, washa hazadi, subiri. Akipita mpe maji, mwache aende, kisha tangulia tena.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Huku kwetu gari linakaa kushoto. Mkimbiaji anakimbia kulia, ili aone magari yanayomjia. Sasa gari lipo upande huu, mkimbiaji yupo upande ule, katikati kuna barabara kuu ya Arusha–Moshi. Ajali ya mbio hizi haiko kwenye kukimbia, iko kwenye kuvuka. Anayepokea avuke mapema, taratibu, akiwa na akili zake. Aliyeleta abaki kule kule kulia, asikimbilie gari kwa furaha. Sisi tutamfuata barabara ikiwa tupu. Rifleketa avae kila anayekanyaga nje ya gari, hata aliyeshuka kujinyoosha.

Mengine ni ya ndani ya gari. Kiti cha mbele ni cha anayefuata kukimbia, siyo cha mwenye mchango mkubwa. Aliyetoka kukimbia anakaa nyuma juu ya khanga yake. Nguo mbichi kwenye mfuko, mfuko ufungwe fundo, viatu vivyo hivyo. Mwaka wa pili nilisafisha ile gari siku tatu na bado mke wangu akauliza nilibeba nini. Na jioni ya safari msile maharage. Nawaomba kama ndugu.

Mzee wa Kitambaa

Suka amesema yote. Naongeza moja: vijiji vinalala. Milango ya gari ifungwe polepole, honi hapana, spika ya muziki hapana. Mwaka wa kwanza tulisimama kwenye nyumba za watu saa nane usiku tukaanza kushangilia kama harusi. Alitoka bibi mmoja na khanga ya kichwani akatuuliza kwa upole kabisa, "Wanangu, nani amefariki?" Tuliona aibu.

Binti wa Usa

Niongee ya kina dada maana wanaume mnaandika kama wote tuna ndevu.

Mwanamke asikimbie kipande cha giza peke yake. Siyo kwamba hawezi. Mwekeeni mtu wa baiskeli pembeni, mwenye tochi, na iwe imepangwa tangu mwanzo kwa kila kipande cha usiku, wanaume pia, ili isionekane dada anabembelezwa. Sisi tumefanya hivyo na kumbe hata wanaume waliokuwa wanajifanya simba walishukuru kimyakimya.

Kuchimba dawa: shamba la migomba la mtu siyo choo. Tunapanga vituo karibu na vituo vya mafuta, mtu mmoja anaenda kuomba kwa adabu siku moja kabla, siku yenyewe tunanunua hata maji, tunaacha choo kisafi kuliko tulivyokikuta. Begi la huduma ya kwanza liwe na pedi, mafuta ya mgando na ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Mafuta ya mgando siyo ya urembo jamani. Kwapani na katikati ya mapaja panachubuka, na kile kitambaa cha shuka kikilowa jasho kinakata shingo kama kamba.

Na msitubadilishie vipande usiku wa manane bila kutuuliza. Mtu amejiandaa kwa mteremko, unamwamsha unamwambia apande.

Chalii wa Ngarenaro

Hiyo ya giza ni kweli. Mimi nusura nichomwe moto.

Ilikuwa kijiji kimoja kabla ya KIA, saa tisa na kitu. Nakimbia zangu, mbwa wakaanza, mmoja, watatu, kijiji kizima. Mara nasikia filimbi na sauti, "Simama wewe!" Fikiria: chalii mrefu, saa tisa usiku, anakimbia, anahema, kitu chekundu kifuani. Ningekuwa mimi mlinzi ningeniita mwizi pia. Akili ikaniambia kimbia zaidi. Namshukuru Mungu miguu ilikataa. Nikasimama, nikanyanyua mikono, nikasema "Shikamooni wazee." Wakaniuliza nakimbia nini. Nikasema nafanya mazoezi, naenda Moshi. Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Huyu siyo mwizi, huyu ni mgonjwa." Noah ikatokea ndiyo wakaamini.

Mzee wa Kitambaa

Baada ya hapo hatujawahi kuondoka bila barua. Wiki moja kabla tunapita polisi, kitengo cha usalama barabarani, na ofisi za vijiji tunavyovipita usiku, tunaacha tarehe, saa za kukadiria na namba ya simu ya nahodha. Wenyeviti wanawaambia walinzi wao. Mwaka huu kuna mahali walinzi walikaa wakitusubiri, mmoja akakimbia na mwenzetu kama mita mia mbili na gumboots zake.

Kumbukeni hii yetu ni ya marafiki. Mkianza kutangaza na kukusanya ada ya ushiriki, hayo tayari ni mashindano, nendeni kwa watu wa chama cha riadha mkoani mpate vibali.

Mtaka Rekodi

Mkuu uzi mzuri ila mnalea uzembe. Timu yangu kobe hakai. Mtu anakimbia dakika 8 kwa kilomita wa nini? Abaki nyumbani ashangilie.

Kobe Mwendo

Kobe ndiye mimi. Kwenye timu ya Mzee wa Kitambaa nakimbia dakika 8 kwa kilomita na sijawahi kuficha.

Walinipa kilomita 6. Natumia dakika 48, mwenye dakika 6 angetumia 36. Kwa hiyo nimeigharimu timu dakika 12, zinajulikana tangu siku ya kikao, zimeandikwa kwenye karatasi. Mwenye chapati alipoteza nne ambazo hazikuandikwa popote. Mwingine mwaka wa pili alikimbia kilomita 3 za kwanza kama anafukuzwa, misuli ikambana, akatembea zilizobaki, robo saa ikaenda. Mkuu, uliza kikundi chochote, mwenye mwendo mdogo unaojulikana anapangika. Mwenye sifa hapangiki.

Na kwa wanaopita na gari kututia moyo: msiseme "umebakiza kidogo" kama nimebakiza kilomita tatu. Niambie tatu. Nitazikimbia tatu. Ukinidanganya kidogo, nikipinda kona nisione kituo, hapo ndipo ninapokufa.

Mama Junior

Kobe umenitoa machozi na kicheko kwa pamoja.

Mtaka Rekodi

Sawa, nimekuelewa. Ila mchango mnafanyaje? Sisi watu watatu walijitoa siku mbili kabla, wanadai hela zao.

Mzee wa Kitambaa

Hela zote zinaingia wiki mbili kabla, mtunza hazina ni mtu mmoja, na orodha inawekwa kwenye kundi kila mtu aione. Ukijitoa baada ya hapo unaleta mbadala, usipoleta, mchango unabaki ni mafuta. Ukiumia, tunakupa pole na unakuja kwenye gari kushika tochi. Mtu akiumia njiani, wanaofuata na waliotangulia wanagawana kipande chake nusu kwa nusu. Hilo tunakubaliana kabla, maana saa kumi usiku hakuna kikao cha haki.

Maji bebeni ya kutoka nyumbani, ya kutosha. Maji ya miteremko ya Meru yana floridi nyingi, hasa ukanda wa Maji ya Chai, na usiku hamtakuwa na muda wa kuchagua. Mkikuta mkimbiaji wa kikundi kingine amekwama, mpeni maji kwanza, ushindani baadaye. Takataka zote zinarudi na gari, hata ganda la ndizi, maana anayekuja nyuma yako hana macho ya usiku.

Mangi wa Machame

Swali: mwakani tunataka kwenda na kurudi, 160. Inawezekana kwa watu kumi?

Mzee wa Kitambaa

Inawezekana ila ongezeni wawili. Kule Marekani, jimbo la Oregon, wana mbio za Hood to Coast tangu 1982, zinatoka mlimani hadi baharini, zaidi ya kilomita 300. Watu 12, vipande 36, kila mtu vitatu, magari mawili. Gari moja likiwa kazini, watu wake sita wanapokezana, lile jingine limetangulia mbali watu wanalala na kula. Wanabadilishana hivyo hadi mwisho. Ujanja wote ni usingizi. Kwa 160 kila mtu wenu atakimbia mara mbili, na kipande cha pili mwili umeshapoa na mapaja yameshaanza kuwasimulia habari za kushuka.

Halafu kurudi ni kupanda, kutoka chini ya mita 1,000 hadi 1,400. Wale wa milima wawekeni kurudi, msiwamalize kwenda. Na msije mkafika Tengeru Jumamosi mchana. Soko linamwagikia barabarani, mikungu ya ndizi, boda, daladala. Hapo hakuna atakayekimbia, mtatembea mkisema samahani.

Mangi wa Machame

Kwa hiyo tuanze Ijumaa jioni Moshi, tuje Arusha, turudi?

Mzee wa Kitambaa

Hapo sasa umewaza. Mnapanda usiku kwenye baridi, mnashuka alfajiri. Tengeru mnapita mara zote mbili soko halijachangamka. Lakini Kikafu mara ya kwanza mtaikuta jioni, magari mengi, hivyo tokeni mapema muipite jua halijazama.

Sisi bado tunafanya ya 80. Orodha ya vipande nimeiweka kwenye kundi, kitambaa kimefuliwa kwa sabuni ya mche, kipo kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Vipande tisa vina watu. Cha Kikafu hakina.

Binti wa Usa

Mimi nilifanya mwaka huu, naombeni nipumzike.

Kobe Mwendo

Niandikeni mimi.

Suka wa Noah

Kama ni Kobe, nabeba godoro.

Kobe Mwendo

Beba. Na uniambie kilomita za kweli.